Kitambaa Kisichofuliwa

Jumamosi, tarehe 14 Septemba, mwaka 2019, saa sita kasoro robo mchana, basi dogo lililobeba wanawake tisa na mipira miwili lilisimama mbele ya nyumba ya matofali yenye mapipa sita barazani. Wanawake hao walikuwa wafuaji wa nguo za hospitali. Siku za kazi walifua, walikausha na kupiga pasi mashuka ya wagonjwa. Lakini mara mbili kwa mwaka waliuacha mvuke wa dobini, wakasafiri hadi mji mwingine, wakacheza mpira wa pete na wanawake wa huko Jumamosi, wakaonja bia ya mji huo jioni, na Jumapili wakarudi makwao. Maana kila mji una bia yake, kama kila nyumba ilivyo na harufu yake. Timu yao iliitwa Povu.

Kaptani wao aliitwa Mama Pasi. Jina hilo lilikuwa na sababu mbili, na hakuna aliyekumbuka ipi ilitangulia: kazini alisimamia meza ya pasi, na uwanjani alicheza katikati, ambako mpira ulimfikia na kumtoka kabla mpinzani hajageuza shingo. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mama wa watoto watatu waliokwisha kujitegemea, na mtu wa kunyooka kama ukosi wa shati alilolipiga pasi mwenyewe.

Huko dobini kulikuwa na ujanja mmoja ulioitwa "doa ndani". Shuka likikataa kutakata na muda umekwisha, mfuaji mvivu hulikunja kwa namna ambayo doa hubaki katikati ya mikunjo, na nje huonekana weupe mtupu. Wodini likifunuliwa, aibu huwa ya muuguzi. Mama Pasi aliuchukia ujanja huo kuliko alivyouchukia uchafu wenyewe. Mwaka uliotangulia alimwita mfuaji mmoja mbele ya wenzake wote, akalifunua shuka la wodi ya wazazi mezani, akasema, "Doa lisilotoka hurudi kwenye beseni. Halikunjwi ndani." Mfuaji huyo aliitwa Mashine, kwa kuwa ndiye aliyeendesha mashine kubwa ya kufulia, na kwa kuwa mdomo wake nao haukuwa na kitufe cha kuzimia.

Timu hiyo ilikuwa na desturi yake. Popote walipokaribishwa, hawakuondoka kabla hawajafua kitu cha wenyeji kikawa cheupe kuliko kilivyonunuliwa. Mara nyingi zilikuwa fulana za kuchezea. Waliiita zawadi ya weupe, na aliyeitoa daima ni Mama Pasi, kwa sabuni yake na kwa dawa ya madoa aliyoibeba katika chupa ndogo ndani ya mkoba, kama wengine wanavyobeba manukato.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo timu haikulijua. Mama Pasi alikuwa ameanza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni. Alisoma mwaka mmoja na nusu, akazijua herufi zote, akaweza kusoma sentensi nzima, ila kwa kuipanda kama ngazi, kipandio kwa kipandio, huku midomo ikicheza. Siku aliyotakiwa kusimama na kusoma kwa sauti, aliaga kwamba ana mazoezi ya mpira, na tangu siku hiyo hakurudi. Orodha ya wachezaji aliyoisomea timu kabla ya kila mchezo alikuwa ameihifadhi kichwani. Karatasi aliishika tu.

Mwenyeji wao aliitwa Bibi Mapipa. Alikuwa na miaka sitini na miwili, alipika bia ya kimea kama mama yake alivyoipika, na bado alilinda pete katika timu ya mtaa wake. Aliishi na mke wa mwanawe. Mwana mwenyewe alikuwa dereva wa lori, yuko safarini, na alitarajiwa Jumatatu. Mkwe huyo hakuwa amemaliza mwaka katika nyumba ile. Alikuwa msichana mwenye elimu ya sekondari, mpole wa sauti, mwepesi wa miguu. Alimpa Mama Pasi kitanda chake mwenyewe.

"Mwanangu, mimi nalala popote," alisema Mama Pasi.

"Kaptani halali chini, mama," alijibu mkwe, akatandika shuka jipya. Mama Pasi aliikagua mikunjo yake kwa jicho la kazi, akaona haina kasoro.

Bibi Mapipa aliwatembeza wageni jikoni mwake. Aliwaonyesha nafaka iliyochipua juu ya magunia, masufuria ya kuchemshia, na mapipa ya kupozea. Mashine akauliza bia yenyewe inaanzaje kuwa bia.

"Kwa chachu," alisema Bibi Mapipa. "Hiyo nitawaonyesha kesho asubuhi, ndiyo siku ya kuitia kwenye pipa. Leo mkiiona mtanitamania."

"Bibi, sisi tunaiba mechi tu," alisema Mashine.

Baada ya chakula wenzake walijinyoosha kungojea saa kumi. Mama Pasi hakujua kupumzika. Alizikusanya fulana za mazoezi za wenyeji, zile zenye herufi kifuani, akaenda nazo uani penye bomba. Hapo, kwenye ukuta wa ghala, juu ya kigingi cha mti, palikuwa na kitambaa kimetundikwa. Kilikuwa cha pamba nzito, kirefu kama taulo, kimekauka kama ngozi, rangi yake kama chai iliyolala, na kilinuka mkate uliochacha. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi hakuwahi kuona kitambaa kilichohitaji msaada wake kuliko hicho.

Juu ya kigingi palikuwa na maandishi ya rangi nyeusi, mistari minne. Mama Pasi aliyaona. Aliisoma herufi ya kwanza, nayo ni K. Akaisoma ya pili. Ndipo aliposikia sauti ya Mashine ikija uani, ikicheka na mtu. Alijiona mwenyewe jinsi atakavyoonekana: mwanamke mzima, kaptani, amesimama mbele ya ukuta, midomo inacheza kama mbuzi atafunaye. Mashine asingeliacha hilo hadi Krismasi. Basi alikiondoa kitambaa kigingini, akainama juu ya beseni, akafua.

Mara ya kwanza maji yalitoka rangi ya kahawia. Mara ya pili yalitoka rangi ya asali. Aliimimina dawa ya madoa, akasugua kwa vifundo vya vidole, akasuuza, akamimina tena. Kitambaa kiligoma, kikabisha, mwishowe kikasalimu amri. Alipokianika katikati ya fulana, kilikuwa cheupe kama jino la mtoto, naye alisimama kukitazama, mikono kiunoni, moyo umejaa.

Mkwe alipita na ndoo. Akamwona. Akaitazama kamba ya nguo, akasimama kidogo, kisha akasema, "Ahsante kwa fulana, mama," akaenda zake. Mama Pasi alidhani ni haya ya ugeni.

Mchezo ulikuwa mtamu. Watazamaji walikaa juu ya kreti zilizogeuzwa, na mkwe aliandika magoli kwenye ubao. Mashine alikosa pete mara tatu mfululizo.

"Mwanangu," Bibi Mapipa alimwambia akiwa amemwinulia mikono usoni, "huo mkono uliufua kwa maji moto? Naona umerudi mfupi."

"Bibi, wewe umesimama kama pipa, huruki."

"Pipa haliruki. Ila hakuna anayelipita."

Mashine akalipita, kwa mpira aliorushiwa na Mama Pasi kwa chini, na Povu wakashinda kumi na tisa kwa kumi na nane. Wenyeji waliwapigia makofi kama kwamba wameshinda wao. Jua lilipolegea, wote walikaa barazani, na Bibi Mapipa akawamiminia bia katika vikombe vya bati. Povu lake lilipanda taratibu, likasimama juu ya ukingo bila kumwagika, na ladha yake ilikuwa na ukali mdogo mwanzoni, kisha utamu uliokuja nyuma kama mtu mwenye adabu.

"Hii ni kazi ya chachu," alisema Bibi Mapipa. "Mimi napika uji tu. Chachu hii alikuwa nayo mama yangu, naye alipewa na mama yake. Imetuzidi umri sisi sote hapa. Mama alipokufa hakuniachia nyumba wala shamba. Aliniachia hiyo."

"Inakaa wapi, bibi? Kwenye chupa?" aliuliza Mashine.

"Chupa gani. Inakaa kwenye kitambaa chake, huko nyuma. Ikikauka inalala. Ukikitia kitambaa kwenye kimea kilichopoa, inaamka. Ndiyo maana hakijaguswa na maji matupu tangu sijazaliwa."

Kikombe cha Mama Pasi kilikuwa kimefika mdomoni. Kilibaki hapo. Kisha alikiweka chini polepole, akasema anakwenda kujisaidia, akaenda uani.

Kamba ya nguo ilikuwa tupu. Fulana alizikuta zimekunjwa vizuri juu ya kitanda alichopewa. Kitambaa kilikuwa kimerudi kigingini, cheupe, kinanuka sabuni ya hospitali. Mtu alikuwa amekirudisha.

Hapo ndipo angeweza kusema. Baraza lilikuwa hatua ishirini. Alijiambia atasema baada ya chakula, watu wakiwa wameshiba na nyoyo zimelainika. Baada ya chakula alijiambia kwamba jambo zito halisemwi mbele ya kadamnasi, atasema watakapobaki wawili. Walipobaki wawili, Bibi Mapipa alimshika mkono akamwambia, "Kaptani, una timu yenye heshima," na baada ya maneno hayo ulimi wake ukawa kama umepigwa pasi. Alilala katika kitanda cha mkwe, macho wazi, akitunga matumaini: pengine chachu haifi kwa sabuni. Pengine imejificha ndani ya nyuzi. Yeye, aliyejua kwamba dawa ile haiachi kiumbe hai katika shuka la mgonjwa, na ndiyo sababu hospitali huinunua.

Jumapili saa moja asubuhi Bibi Mapipa aliwaita wageni wote jikoni. Kimea kilikuwa kimepoa katika pipa, kimefunikwa kwa ungo. Alikuwa amevaa nguo safi.

"Mkwe, lete kitambaa."

Mkwe alikileta juu ya mikono yake miwili, kama mtu aletaye mtoto mchanga. Bibi Mapipa alikitazama. Alikigeuza. Alikinusa, akakinusa tena, na uso wake ukaanza kuzeeka mbele yao.

"Sabuni," alisema.

Nje kuku alikuwa akipekua makapi.

"Nani amekifua hiki?"

Mama Pasi alifungua mdomo. Mbele ya macho yake zilipita fulana, orodha aliyoishika bila kuisoma, na Mashine akisubiri. Pumzi ilitoka, neno halikutoka.

"Nisamehe, mama," alisema mkwe.

"Wewe?" Bibi Mapipa hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angeipandisha. "Maandishi ya pale ukutani uliyaandika kwa mkono wako. Mimi nilisema, wewe ukaandika. Ulikuwa hujamaliza hata mwezi hapa, na nikamwambia mwanangu, tumepata mtu, ataniandikia kila kitu kabla sijasahau."

"Nisamehe, mama."

"Sikufukuzi kwa hasira. Lakini kesho mumeo akifika atakupeleka kwenu ukapumzike. Sijui nitakuachiaje nyumba, ikiwa hiki umeshindwa kukiacha kama kilivyo."

Mkwe aliinamisha kichwa. Kabla hajakiinamisha, alimtazama Mama Pasi mara moja tu. Hakukuwa na lawama katika jicho hilo. Lilikuwa jicho la mtu anayemfunika mwenzake shuka ili watu wasimwone. Ndipo Mama Pasi alipojua kwamba binti huyo alijua tangu jana, tangu kwenye kamba ya nguo, na kwamba ndiye aliyekirudisha kitambaa kigingini, na kwamba alikuwa ameamua kuubeba mzigo ili mgeni asiaibike.

Bibi Mapipa hata hivyo alikitia kitambaa pipani. Akainama, akaweka sikio kwenye ubavu wa pipa, kwa kuwa chachu ikiamka husikika, hutoa mchakacho mdogo kama mvua ya mbali. Akasikiliza. Saa mbili na nusu akasikiliza tena. Saa tatu akasikiliza, akajipangusa sikio kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani, akakaa kwenye kigoda.

Basi la Povu liliondoka saa tatu na nusu. Wenyeji wawili watatu walipunga mikono. Mkwe hakutoka.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama Pasi alikaa dirishani, msemo huo ukimzunguka kichwani kama nzi katika chumba kilichofungwa. Mashine alikuwa kando yake, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alikaa nusu saa bila kusema kitu. Kisha akauvuta mkono wa Mama Pasi uliokuwa juu ya mapaja, akaunusa, akaurudisha mahali pake.

"Kaptani," alisema kwa sauti ya chini, "jana mikono yako ilinuka dawa ya madoa. Leo bado. Zile fulana zilikuwa na jasho tu. Hazikuwa na doa hata moja."

Mama Pasi aliificha mikono chini ya mkoba.

"Mwaka jana uliniita mbele ya watu kwa shuka moja. Nikalia chooni, hukujua. Uliniambiaje siku ile?"

"Nilisema doa halikunjwi ndani."

"Basi."

Barabara ilipita, miti ikapita, kituo cha mafuta kikapita. Mama Pasi aliinuka, akamwomba dereva asimame.

"Nikusindikize?" aliuliza Mashine, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena.

"Hapana. Nikienda na watu nitaanza kuwa kaptani."

Alirudi katika gari la mtu aliyepeleka kreti za chupa tupu mjini, amekaa mbele, mkoba magotini, na ile chupa ndogo ya dawa ikigonga kitana ndani yake kila walipopita shimo. Alifika karibu na saa tano. Bibi Mapipa alikuwa bado kwenye kigoda, na majirani wawili waliokuja na vikombe vyao vya Jumapili walikuwa wamesimama kama watu waliofika msibani. Mlango wa chumba cha mkwe ulikuwa wazi. Binti alikuwa anakunja nguo zake na kuzipanga ndani ya begi, juu ya kitanda kile kile alichokuwa amemwachia mgeni.

"Umesahau kitu, kaptani?" aliuliza Bibi Mapipa.

"Nilisahau kusema. Kitambaa nilikifua mimi, mama. Mkwe wako hana kosa. Jana jioni nilijua nimefanya nini. Asubuhi nilinyamaza kwa kujua."

Jirani mmoja alikohoa. Bibi Mapipa alimtazama Mama Pasi kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta bei ya kitu kisichouzwa.

"Maandishi uliyaona?"

"Niliyaona."

"Na hukuyasoma."

Hapo palikuwa na mlango wa kutorokea, nao ulikuwa wazi kabisa. Angesema tu kwamba hajui kusoma, na wangemhurumia. Wengi wa rika lake hawakupelekwa shule, wala hiyo si aibu ya mtu. Alitamani sana kuupita mlango huo.

"Najua kusoma," alisema. "Nasoma polepole, kwa midomo. Niliona haya kusimama pale watu wakaniona. Ndiyo nikaona ni heri kufua."

"Ni heri kufua," alirudia Bibi Mapipa, kana kwamba anaonja kitu kilichoharibika. Akainuka, mkono kiunoni. "Basi twende ukasimame."

Walikwenda uani wote, yeye, Bibi Mapipa, majirani na vikombe vyao. Mkwe alitoka chumbani akiwa bado na blauzi mkononi. Mama Pasi alisimama mbele ya kigingi kitupu, akainua kidole.

"Ki-ta-mbaa," alisoma. "Kitambaa. Hi-ki. Hiki."

Neno lililofuata lilikuwa refu. Aliliingia, akapotea katikati, akarudi mwanzo. Jasho lilimtoka chini ya macho. Alimwona mkwe kwa pembeni, midomo yake ikitangulia neno kimya kimya, lakini hakumsaidia, na Mama Pasi alishukuru kwamba hakumsaidia.

"Ha-ki-fu... haki-fuli-wi. Hakifuliwi. Chachu inalala humo. Mwenye kuhitaji a-o-mbe, a-ka-tiwe. Akipata, naye ampe mwenzake."

Ilimchukua muda wa kuchemsha maji ya chai. Alipomaliza hakuna aliyempigia makofi, wala hakustahili.

"Ungesema jana jioni," alisema Bibi Mapipa, "ningekukasirikia, tukalia, yakaisha. Mtu hukosea. Lakini ulilala kwenye kitanda cha huyu mtoto, asubuhi ukamwangalia nikimwondoa. Hilo sijui nilifanyeje." Kisha akamgeukia mkwe. "Na wewe, nani alikutuma kubeba mzigo wa mgeni?"

"Mama, uliniambia mgeni haaibishwi."

"Nilikuambia. Nadhani sikumaliza sentensi. Rudisha nguo zako kabatini."

Mkwe aliingia ndani. Alipompita Mama Pasi hakusema kitu, wala Mama Pasi hakupata neno la kumpa. Alitaka kusema ahsante, akaona ni ndogo. Alitaka kusema samahani, akaona amechelewa.

Chachu ile ilikuwa na nduguye mmoja aliyebaki duniani. Miaka kumi na moja nyuma, Bibi Mapipa alikuwa amemkatia kipande cha kitambaa mpika bia mmoja wa mji wa bondeni, upande wa pili, mwendo wa saa nne kutoka dobini kwa akina Mama Pasi. Jumamosi iliyofuata, badala ya kwenda mazoezini, Mama Pasi alikwenda huko. Alikuwa amejitolea mwenyewe, na Bibi Mapipa hakumkatalia wala hakumshukuru.

Mpika bia wa bondeni alimkaribisha vizuri, akamsikiliza ombi lake, kisha akasema, "Nitakukatia. Lakini unajua sharti. Anayeomba chachu husema ya kwanza ilikufaje."

Hakuwa amelijua sharti hilo. Alilitimiza. Alieleza tena yote mbele ya mtu asiyemfahamu: kigingi, maandishi, beseni, baraza, asubuhi. Alijaribu mahali fulani kusema "kitambaa kikafuliwa", akajisahihisha, akasema "nikakifua". Mwanamke yule hakumlaumu. Aliendelea kuchambua nafaka yake, akauliza swali moja tu, "Na yule binti, uliongea naye?" Mama Pasi akasema bado.

Alipewa kipande kisichozidi kiganja, cha rangi ya chai iliyolala, kimefungwa katika karatasi. Alikibeba kifuani safari yote, hadi kwa Bibi Mapipa. Kilinuka. Vidole vyake, vilivyozoea, vilimwasha kwa kutaka kukisuuza hata kidogo tu pembeni. Alivikalia.

Pipa lilisema siku ya tatu. Mkwe ndiye aliyelisikia kwanza. Lakini bia ilipoiva, wateja wa zamani waliitia mdomoni, wakatazamana, wakauliza kama maji yamebadilika. Ilikuwa na ukali uliozidi, na utamu wake ulichelewa kufika. "Ni ndugu," aliwaambia Bibi Mapipa, "si yule." Huko bondeni ilikuwa imeishi kwa maji mengine na nafaka nyingine, ikawa na tabia nyingine. Wengine waliizoea. Wengine waliacha kuja.

Kule dobini, Mama Pasi alisimama mbele ya meza ya pasi, mahali pale pale alipomsimamisha Mashine, akawaambia wenzake habari yote, na la orodha pia. Kisha Mashine akasema, "Ndiyo maana jina langu ulilisoma hata siku ambayo halikuwemo," na wengine wakacheka, na yeye akacheka kidogo, ila kicheko hakikufua kitu. Ukaptani alimkabidhi Mashine. Darasa la jioni alirudi, akakaa dawati la mbele, na alipoitwa kusoma alisimama.

Timu ya Povu haijaalikwa tena katika mji ule. Mama Pasi aliandika barua kwa mkwe, ukurasa mmoja, aliyoiandika upya mara sita. Haijajibiwa. Pengine haikufika, na pengine ilifika. Kila povu linapopanda katika beseni lake, uso humwaka hata leo, ingawa hakuna anayemtazama.

Wewe uliyeifikia sentensi hii, hata kama umeifikia kipandio kwa kipandio, usiikunje habari hii ukaiweka kabatini na doa lake ndani. Mpe mwenzako.